Mchezo wa vita wa vijisanamu

Mchezo wa vita wa vijisanamu ni burudani ambamo wachezaji wawili au zaidi huigiza mapigano juu ya meza kwa kutumia sanamu ndogo za askari, wanyama, magari au meli. Vijisanamu hivyo husogezwa juu ya mandhari iliyotengenezwa kwa mkono, yenye vilima, miti, mito na nyumba. Umbali hupimwa kwa rula au futi kamba, na matokeo ya kila shambulio huamuliwa kwa kurusha dadu kufuatana na kanuni zilizoandikwa.

Mchezo huu unatofautiana na bao, drafti au sataranji kwa mambo mawili. Kwanza, meza yake haina mashimo wala miraba: kijisanamu kinaweza kusimama popote. Pili, bahati ina nafasi yake, kwa kuwa dadu huweza kuharibu mpango uliofikiriwa vizuri. Aidha, mchezo wenyewe ni sehemu moja tu ya burudani hii. Sehemu nyingine ni kupaka rangi vijisanamu, kutengeneza mandhari na kusoma historia ya vita vinavyoigizwa. Wapo wapenzi wanaopaka rangi kwa miaka mingi na kucheza mara chache sana.

Historia

Chanzo katika majeshi ya Ulaya

Michezo inayofanana na vita ni ya kale, na sataranji ni mfano unaojulikana zaidi. Mwaka 1780 Johann Christian Ludwig Hellwig, mwalimu katika mji wa Braunschweig, Ujerumani, alitoa mchezo uliotokana na sataranji, wenye ubao mkubwa ambao miraba yake ilipakwa rangi kuonyesha aina mbalimbali za ardhi.

Hatua kubwa ilifuata huko Prussia. Mwaka 1812 Georg Leopold von Reisswitz alimpelekea mfalme Friedrich Wilhelm III meza maalumu yenye vipande vya mandhari vilivyoweza kupangwa upya kwa namna nyingi. Mwanawe, aliyekuwa ofisa wa mizinga, aliuboresha mchezo huo na kuchapisha kanuni zake mwaka 1824. Yeye aliacha meza ya baba yake na kutumia ramani halisi za kijeshi za kipimo cha 1:8000. Kila zamu iliwakilisha dakika 2 za vita. Mwamuzi alipokea amri za pande zote mbili na kuamua nini kimeonekana na nini kimefichika, huku dadu na majedwali yakionyesha hasara. Mkuu wa majemadari, Karl von Müffling, alivutiwa sana, na mchezo ukaingizwa katika mafunzo ya maofisa. Baada ya Prussia kuishinda Ufaransa katika vita vya 1870–1871, majeshi ya nchi nyingine nayo yalianza kuujifunza.

Kutoka jeshini hadi nyumbani

Kwa raia, njia ilifunguliwa na wanasesere wa askari. Mwandishi Robert Louis Stevenson alicheza vita vya namna hii na mtoto wake wa kambo, Lloyd Osbourne, walipokuwa Davos, Uswisi, mwanzoni mwa miaka ya 1880. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ilianza kuuza askari wa madini wenye uwazi ndani. Kwa kuwa walitumia madini kidogo, walikuwa wepesi na bei yao ilikuwa nafuu.

Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells alichapisha kitabu Little Wars, chenye kanuni rahisi za kuchezwa sakafuni. Katika mchezo wake mizinga ya kuchezea yenye springi ilirusha vipande vidogo vya mti, na askari aliyeangushwa alihesabiwa kuwa amekufa. Wells alikuwa mpinzani wa vita. Alieleza kwamba anayecheza mchezo huu ataelewa jinsi vita halisi vilivyo jambo la kijinga lisiloweza kutawaliwa. Mwaka uliofuata Vita vya Kwanza vya Dunia vilianza.

Burudani hii ilienea hasa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Nchini Marekani, Jack Scruby wa California alitengeneza vijisanamu na mwaka 1957 akaanzisha jarida la wachezaji. Nchini Uingereza, kitabu War Games cha Donald Featherstone kilitoka mwaka 1962 na kuwavuta watu wengi. Vijisanamu vya plastiki vya kampuni ya Airfix, vilivyouzwa kwa bei ndogo madukani, viliwawezesha hata vijana kuwa na jeshi lao.

Mwaka 1971 Gary Gygax na Jeff Perren walitoa kanuni za Chainmail kuhusu vita vya Enzi za Kati, zikiwa na nyongeza ya mazimwi na wachawi. Kutoka hapo ulizaliwa mchezo wa Dungeons & Dragons mwaka 1974, ambao Gygax aliutunga pamoja na Dave Arneson. Kampuni ya Games Workshop, iliyoanzishwa London mwaka 1975 na sasa yenye makao Nottingham, ilitoa Warhammer mwaka 1983 na Warhammer 40,000 mwaka 1987. Leo wachezaji wako katika makundi mawili makubwa: wanaopenda vita vya historia na wanaopenda ulimwengu wa kubuni.

Vijisanamu

Ukubwa

Ukubwa wa kijisanamu hutajwa kwa milimita, kuanzia nyayo hadi macho au utosi wa mtu aliyesimama. Ukubwa unaotumika zaidi ni huu:

- Milimita 28: hupendwa kwa mapigano madogo, kwa kuwa uso na nguo huonekana vizuri.
- Milimita 15: hutumika kwa vita vyenye vikosi vingi. Kipimo chake hukaribia 1:100.
- Milimita 6: kijisanamu ni kidogo kama punje ya mahindi, lakini mamia yao hulifanya jeshi lionekane kama jeshi kweli.

Ukubwa wa vijisanamu na ukubwa wa uwanja havilingani. Kijisanamu cha milimita 28 ni takribani 1:56 ya mtu. Kama uwanja nao ungefuata kipimo hicho, risasi ya bunduki inayofika mita 300 ingehitaji meza yenye urefu wa zaidi ya mita 5. Kwa hiyo kanuni hufupisha umbali, na nyumba mbili au tatu huwakilisha kijiji kizima. Vivyo hivyo kijisanamu kimoja huweza kuwakilisha askari 20 au zaidi.

Malighafi

Zamani vijisanamu vilitengenezwa kwa aloi yenye madini ya risasi, yaani plumbi, ambayo ni sumu. Siku hizi watengenezaji wengi hutumia aloi ya bati, plastiki au rezini. Aloi huyeyushwa na kumiminwa katika kalibu ya mpira inayozungushwa kwa kasi ili madini yafike hadi kwenye vidole na ncha za bunduki. Katika miaka ya karibuni watu wengi wamenunua mashine za kuchapa umbo, na huchapa vijisanamu nyumbani kutokana na michoro ya kompyuta.

Anayeshika vijisanamu vya zamani anapaswa kunawa mikono baada ya kazi na asile chakula mezani pake. Unga unaotoka wakati wa kupiga msasa madini au rezini haufai kuvutwa puani.

Kupaka rangi

Kazi ya kupaka rangi hufuata hatua ambazo hazibadiliki sana toka mtu mmoja hadi mwingine:

1. Kusafisha. Mabaki ya kalibu hukwanguliwa kwa kisu na msasa mwembamba. Kisha kijisanamu huoshwa kwa maji ya sabuni ili kuondoa mafuta ya kiwandani, ambayo huzuia rangi kushika.
2. Rangi ya kwanza. Mafundi huiita praima. Hupulizwa au kupakwa kwa brashi, nyeupe, kijivu au nyeusi. Nyeupe hufanya rangi zinazofuata zing'ae. Nyeusi huacha kivuli katika mikunjo ambayo brashi haikufika.
3. Rangi za msingi. Kila sehemu hupewa rangi yake: ngozi, nguo, mkanda, buti, bunduki. Rangi za akriliki huchanganywa na maji kidogo. Tabaka mbili nyembamba ni bora kuliko moja nzito, kwa sababu tabaka nzito hufukia macho na vifungo.
4. Kivuli. Rangi nyeusi au ya kahawia iliyopunguzwa hadi kuwa kama chai ya rangi hupakwa juu ya kijisanamu kizima. Hutiririkia kwenye mabonde na kukaa humo.
5. Mwanga. Brashi huchovywa katika rangi nyepesi zaidi, hufutwa kwenye kitambaa hadi ibaki karibu kavu, kisha hupitishwa haraka juu ya kijisanamu. Rangi hushika kwenye matuta tu, kama vile pua, mabega na mikunjo ya nguo.
6. Kinga. Vanishi hupakwa ili vidole vya wachezaji visikwangue rangi.
7. Kitako. Gundi hupakwa kwenye kitako na mchanga hunyunyiziwa juu yake, ili askari aonekane amesimama ardhini.

Hatua za nne na tano zina sababu yake. Jua linalomwangaza mtu mzima huacha vivuli vinavyoonekana wazi, lakini kwenye umbo la sentimita 3 vivuli hivyo ni vidogo mno kwa jicho. Mpaka rangi huviweka yeye mwenyewe, tena kwa kutia chumvi kidogo, na ndipo sura huonekana kutoka umbali wa mita moja.

Brashi huoshwa kila baada ya rangi na haiachwi imesimama kwa nywele zake ndani ya kikombe, kwani ncha hupinda na hainyooki tena. Yapo mashindano ya kupaka rangi, likiwemo la Golden Demon la Games Workshop lililoanza mwaka 1987.

Kutengeneza mandhari

Mandhari haipo kwa ajili ya kupendeza tu, kwani ndiyo inayouamua mchezo. Kilima humpa mpiga mizinga macho, msitu humficha askari wa miguu na kumchelewesha, mto huwalazimisha wote kupita darajani. Meza isiyo na kitu hucheza vibaya, kwa kuwa mwenye bunduki nyingi hushinda bila kufikiri.

Vilima hukatwa kutoka katika polistaireni, ile nyenzo nyeupe nyepesi inayofungiwa televisheni, au aina yake iliyo ngumu zaidi inayotumika kuzuia joto katika majengo. Vipande huunganishwa kwa gundi nyeupe ya mbao, hupakwa gundi tena na kumwagiwa mchanga, kisha hupakwa rangi ya kahawia na kumalizwa kwa brashi kavu. Rangi za kupuliza zenye viyeyushi hulainisha polistaireni na kuitoboa, kwa hiyo lazima kwanza ifunikwe kwa rangi ya maji. Anayeikata kwa waya wa moto afanye hivyo mahali penye hewa, maana moshi wake una madhara.

Miti hutengenezwa kwa nyaya nyembamba zilizosokotwa kuwa shina na matawi, na majani yake ni vipande vya sponji vilivyotiwa rangi. Nyumba hutengenezwa kwa boksi au mbao nyembamba. Mto ni kipande kilichopakwa rangi ya udongo na bluu iliyofifia, kisha vanishi yenye kung'aa mara kadhaa. Vumbi la mbao lililotiwa rangi hutumika kama nyasi.

Wachezaji wengi wa Ulaya hukata zulia la mlangoni la usumba wa nazi na kulifanya shamba la ngano. Nyuzi za kamba hukatwa na kusimamishwa kwenye gundi kuwa matete. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki vitu hivi havina shida kupatikana: katani, usumba, mchanga, maboksi na sponji kuukuu. Vizibo vya soda, ambavyo tayari hutumika kuchezea drafti, vinaweza kuwa vikosi vya kuanzia kabla mtu hajapata vijisanamu.

Jinsi mchezo unavyokwenda

Kanuni ziko nyingi, lakini zamu ya kawaida ina sehemu nne: kusogea, kupiga risasi, kupigana ana kwa ana na kupima ari ya askari. Katika kanuni nyingine wachezaji hupokezana. Katika nyingine wote huandika amri kwa siri na kuzifunua kwa pamoja.

Hesabu ya mchezo ni hesabu ya uwezekano. Tuseme askari 12 wanapiga risasi, na kila mmoja hulenga shabaha akipata 5 au 6 kwenye dadu. Uwezekano wake ni 2 kati ya 6, yaani theluthi moja, kwa hiyo hutarajiwa shabaha 4. Adui akiwa nyuma ya ukuta, labda 6 pekee ndiyo itakayofaa, na shabaha zinazotarajiwa hupungua hadi 2. Hata hivyo, matarajio siyo ahadi. Katika mfano wa kwanza, uwezekano wa askari wote 12 kukosa ni chini ya 1 kati ya 100, lakini mchezaji akicheza vya kutosha siku hiyo huja. Kamanda mzuri mezani hupanga mambo yake ili dadu moja mbaya isimwangushe.

Kipimo cha ari hukumbusha kwamba vikosi vingi havipigani hadi mtu wa mwisho. Kikosi kilichopoteza theluthi ya watu wake, kwa mfano, hurusha dadu kuona kama kitasimama, kitarudi nyuma au kitakimbia.

Mfano: Tanga, 1914

Mapigano ya Tanga ni miongoni mwa mapigano ya Afrika yanayoigizwa na wachezaji wa vita vya historia. Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Kiingereza Fox ilifika Tanga, bandari ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, na kutaka mji ujisalimishe. Baadaye wanajeshi wapatao 8,000, wengi wao kutoka Uhindi, walishushwa eneo la Ras Kazone chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken. Kule kuchelewa kulimpa Paul von Lettow-Vorbeck nafasi ya kuleta askari kwa treni kutoka Moshi. Alikuwa na watu wapatao 1,000, wengi wao askari Waafrika. Shambulio kuu la tarehe 4 Novemba lilivunjika, na tarehe 5 Waingereza waliondoka kwa meli zao, wakiacha silaha nyingi ufukweni.

Mchezaji anayeliigiza pambano hili hukutana na tatizo mara moja. Kama kijisanamu kimoja ni askari 50, upande mmoja una vijisanamu 160 na mwingine 20. Akihesabu bunduki peke yake, Waingereza watashinda kila mara. Ili meza ifanane na historia, lazima kanuni zihesabu mambo mengine: askari waliochoka kwa safari ndefu ya bahari, upelelezi usiotosha, vichaka vilivyowatenganisha, bunduki za rashasha zilizofichwa, na treni inayoleta msaada kila baada ya zamu kadhaa.

Kuna pia nyuki. Waliochokozwa na milio ya risasi waliwashambulia askari vichakani, na Waingereza wengine walidai kwamba Wajerumani waliwatega makusudi, jambo ambalo wanahistoria hawalikubali. Kanuni inaweza kusema hivi: kikosi kinachopiga risasi kichakani kirushe dadu mbili, na zikitoka 6 zote mbili, nyuki wametoka na kikosi hakifanyi chochote zamu inayofuata. Uwezekano huo ni 1 kati ya 36.

Mafunzo na ukosoaji

Michezo ya aina hii imewahi kuokoa maisha. Mwaka 1942 jeshi la majini la Uingereza lilianzisha huko Liverpool kitengo cha kuchunguza mbinu za nyambizi za Ujerumani, chini ya Kapteni Gilbert Roberts. Wafanyakazi wake wengi walikuwa wanawake vijana wa jeshi hilo. Walichora njia za meli kwa chaki sakafuni, na maofisa walitazama kupitia tundu dogo ili wasione zaidi ya ambacho wangeona baharini. Mbinu zilizopatikana sakafuni hapo zilitumika kulinda misafara ya meli katika Atlantiki.

Ukosoaji nao upo. Baadhi ya watu huona si vizuri kufanya burudani kwa vifo vya watu. Wachezaji hujibu kwamba sataranji nayo ni vita, na kwamba kuigiza pambano humfanya mtu asome kwa makini zaidi. Hoja nzito zaidi inahusu vita vya kikoloni, ambavyo hupendwa sana mezani. Katika kanuni nyingi za vita hivyo, Wazungu hupewa majina, vyeo na tabia, ilhali Waafrika ni umati unaokimbia mbele na kuanguka.

Hoja nyingine ni juu ya wale wasiokuwepo kabisa. Meza huonyesha kile tu ambacho mtunga kanuni ameamua kukihesabu. Katika vita vya Afrika Mashariki vya 1914–1918, vilivyoanza na mapigano kama ya Tanga, barabara zilikuwa chache na mbung'o waliua wanyama wa kubeba mizigo. Chakula, dawa na risasi vilifika mstari wa mbele vichwani mwa watu. Pande zote mbili zilikusanya wapagazi kwa mamia ya maelfu, wengi kwa nguvu, na makumi ya maelfu walikufa, hasa kwa maradhi na njaa, wakiwazidi sana askari waliouawa kwa risasi. Majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi yametokana na kikosi chao, Carrier Corps. Katika mnara wa ukumbusho wa Nairobi mpagazi amesimama pamoja na askari, lakini kwenye meza ya mchezo ni nadra kumwona.

Kanuni inayoweza kurekebisha jambo hili si ngumu. Kila kikosi hupewa vijisanamu vya wapagazi, ambao husogea polepole nyuma yake. Kikosi kilicho mbali nao hupiga risasi kwa zamu tatu tu, kisha hunyamaza. Wapagazi wakifa au wakitoroka, wengine hawaji bure: mchezaji hupoteza alama za ushindi kwa kila kundi jipya analochukua kutoka vijijini. Mchezo ukichezwa hivyo, Lettow-Vorbeck anaweza kushinda Tanga kama alivyoshinda, na bado karatasi ya alama ikaonyesha mwishoni mwa kampeni gharama iliyolipwa na watu ambao hawakuwa na bunduki.